Mshale Uliogeuzwa ni wa Nani?

Mtu amerusha mshale kumlenga mwenziwe. Aliyelengwa, kwa ustadi au kwa bahati, akaupiga ukageuka njia, ukamchoma mtu wa tatu aliyekuwa amesimama kando, hana habari wala hatia. Je, jeraha lile ni juu ya nani? Ni juu ya aliyeurusha, maana lau si yeye mshale usingekuwako hewani? Au ni juu ya aliyeugeuza, maana lau si yeye usingefika pale ulipofika? Au kila mmoja ana fungu lake, na kama ni hivyo, mafungu hayo hupimwa kwa mizani gani?

Suala hili ni kongwe, na wenye kulijadili aghalabu ni wanasheria na wanafalsafa, ambao wana raha ya kuliahirisha mpaka kikao kijacho. Wako watu ambao hawana raha hiyo. Wao hulazimika kulijibu papo kwa papo, karata zikiwa mkononi na mwenzao akingoja mbele yao. Hao ni wachezaji wa Magic: The Gathering, mchezo wa karata uliobuniwa na Richard Garfield, mwanahisabati wa Marekani, na kutolewa mwaka 1993 na kampuni ya Wizards of the Coast ya jimbo la Washington. Majibu yao yameandikwa, yamebishaniwa na kurekebishwa kwa zaidi ya miaka 30. Kwa sababu hiyo yafaa yatazamwe hata na mtu ambaye hajapata kuishika karata moja ya mchezo huo.

Karata zenyewe hazina kopa wala shupaza, uru wala pao. Kila moja ina jina lake, picha yake, na maneno machache yanayoeleza inafanya nini. Wachezaji huzikusanya na kubadilishana, kisha kila mmoja huchagua zile atakazoingia nazo mchezoni. Kwa kawaida mtu huanza na uhai wa 20, na anayefikishwa kwenye sifuri ameshindwa. Karata moja mashuhuri, Lightning Bolt, ni radi: ikimpata mchezaji humpunguzia uhai 3. Anayeitupa lazima ataje wazi, tangu mwanzo, inamlenga nani. Baada ya kutajwa, karata haitimizi kazi yake mara moja. Huwekwa kwenye rundo la kungojea, ili wengine wapate nafasi ya kujibu. Majibu nayo huwekwa juu ya rundo lile lile, na ya mwisho kuwekwa ndiyo ya kwanza kutimia.

Katika nafasi hiyo ya kungoja ndipo zinapoingia karata za kugeuza. Mwaka 1995 ilitoka Deflection, na mwaka 1999 ikatoka Misdirection, jina ambalo mfasiri angeweza kulitia katika Kiswahili kwa kusema "Kupotoa Njia". Kazi yake ni moja: huishika karata ya mwengine yenye shabaha moja, na kuibadilisha shabaha hiyo. Radi iliyotumwa kwako huweza kumrudia aliyeituma, au kumwangukia jirani, kwani mchezo huu huchezwa na wawili, na pia huchezwa na wanne au zaidi mezani pamoja. Na hapo ndipo mabishano yanapoanza.

Bishano la kwanza ni la umiliki. Karata ikishageuzwa huwa ya nani? Akili ya haraka husema ni ya aliyeigeuza, maana yeye ndiye anayeiongoza sasa. Kanuni zinasema sivyo. Karata hubaki kuwa ya aliyeitupa mpaka mwisho. Mgeuzaji hapati kitu ila uwezo wa kuchagua pa kuangukia. Mfano ulio wazi kabisa ni karata ya Thoughtseize, iliyotoka mwaka 2007. Kwa muhtasari, inaamrisha hivi: mchezaji aliyelengwa aonyeshe karata zilizo mkononi mwake, wewe uchague moja isiyokuwa ya ardhi, naye aiache, kisha wewe upoteze uhai wa 2. Sasa, mgeuzaji akiielekeza karata hiyo kwa mwenyewe aliyeitupa, nani ni "wewe"? Ni yule yule mtupaji. Basi huonyesha mkono wake mwenyewe mbele ya watu, huchagua kwa mkono wake ile atakayoikosa, na juu ya hayo hulipa uhai wa 2. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Hapa kanuni inamtaka pia achague pembe ya kutumbukia.

Bishano la pili ni la mipaka. Je, mgeuzaji aweza kuipeleka karata popote apendapo? La. Kitabu cha kanuni, katika kifungu cha 115 kinachohusu shabaha, kinataka shabaha mpya iwe halali kwa mujibu wa maneno ya karata yenyewe, na uhalali huo hupimwa kwa kumtazama mtupaji, si mgeuzaji. Ikiwa hakuna shabaha nyengine iliyo halali, ile ya kwanza hubaki vile vile.

Kanuni hiyo ina uchungu ndani yake, na uchungu huo umefichwa katika neno moja. Karata ya Thoughtseize humlenga "mchezaji". Dada yake mkubwa, Duress ya mwaka 1998, inafanya kazi inayokaribiana na hiyo, lakini humlenga "mpinzani". Mwenye kusoma upesi ataona ni mamoja. Mwenye mazoea ya kupima maneno, kama wapimavyo watunzi wa mashairi, ataona pengo kubwa. Mtu si mpinzani wa nafsi yake. Kwa hiyo Duress haiwezi kurudishwa kwa aliyeitupa, hata kwa ustadi wa namna gani. Wakiwa wawili mezani, haina pa kwenda, na aliyelengwa ataibeba. Wakiwa watatu, mlango mmoja hufunguka: yaweza kupelekwa kwa yule wa tatu, kwani yeye pia ni mpinzani wa mtupaji. Matokeo yake ni kwamba kanuni inamkinga mwenye kuanzisha shari, na inamruhusu mgeuzaji kumtwisha asiyehusika.

Je, hiyo ni haki? Wako watakaosema ni dhuluma iliyovikwa joho la sheria. Wengine watajibu kwamba kanuni haikukusudia kumlinda mkosefu. Imelinda maana ya neno. Karata imesema "mpinzani", na mpinzani maana yake ni mpinzani wa msemaji. Mgeuzaji anaruhusiwa kuielekeza kauli ya mwenziwe, lakini haruhusiwi kuitia maana ambayo kauli yenyewe haina. Jawabu hili lina uzito, na mtu yeyote aliyewahi kufasiri kazi ya mwengine ataliheshimu. Hata hivyo linaacha jambo moja bila ya kuguswa. Kujua kwamba pigo laweza kumwangukia wa tatu ni kujua uhalali. Kwa nini limwangukie yeye ni swali jengine, na kitabu cha kanuni hakiliulizi.

Watu wa pwani wanaujua mgawanyo huu kwa sura nyengine. Katika ukumbi wa taarabu, mtunzi ametunga maneno yake nyumbani, pengine akimkusudia mtu, pengine hamkusudii yeyote. Mwimbaji anayaimba. Kisha bibi mmoja anainuka kwenda kutunza, noti mkononi, na ubeti unaouma unapofika anamgeukia mwenziwe aliyeketi, anamtazama, anatikisa kidole. Ukumbi mzima umeshafahamu. Maneno ni ya mtunzi, sauti ni ya mwimbaji, lakini shabaha ni ya mwenye noti. Ugomvi ukizuka, mtunzi atasema hakumtaja mtu. Mwimbaji atasema ameimba alichopewa. Bibi naye atauliza, tangu lini kutunza kukawa matusi? Kila mmoja anajitetea kwa kuonyesha kilicho cha mwenziwe, na kila mmoja anasema kweli. Lakini kweli hizo zikikusanywa pamoja haziondoi ukweli wa nne, kwamba mtu aliyeketi pale ameumia.

Wanafalsafa wa Uingereza na Marekani wamelizunguka jambo hili kwa njia yao. Mwaka 1967 Philippa Foot alileta mfano wa dereva wa tramu isiyozuilika inayoelekea kuua watu watano, naye aweza kuipeleka kwenye njia ya pili ambako kuna mtu mmoja. Judith Jarvis Thomson, katika makala ya mwaka 1985, akamwondoa dereva na kumweka mpita njia aliyesimama karibu na mtambo wa kubadilisha njia za reli; akaona kwamba hata huyo anaruhusiwa kuigeuza. Miaka 23 baadaye, mwaka 2008, Thomson huyo huyo aliandika kuipinga rai yake. Hoja yake mpya yaweza kuelezwa kwa ufupi hivi: ikiwa mtu hayuko tayari kuigeuza hatari ije juu yake mwenyewe, kwa haki gani anamlipisha mwengine gharama ambayo yeye asingeilipa? Wengine wawili, Christopher Boorse na Roy Sorensen, walichunguza mwaka 1988 tofauti iliyopo baina ya mtu anayeinama ili risasi impite, ikampata aliye nyuma yake, na mtu anayemvuta mwenziwe na kumfanya ngao. Idadi ya maiti ni ile ile, lakini dhamiri haiwaoni watu hao kuwa sawa.

Mchezo wa karata unaijua tofauti hiyo ya kuinama na kukinga. Karata ya Pariah, ya mwaka 1998, hubandikwa juu ya kiumbe aliyeko uwanjani, na tangu hapo kila dhara linalokusudiwa mchezaji humwangukia kiumbe huyo. Jina lake maana yake ni mtu aliyetengwa na jamii, na waliolichagua walijua walifanyalo. Kibaya zaidi ni kwamba yaruhusiwa kuibandika juu ya kiumbe wa mpinzani. Basi mpinzani akikupiga, anampiga wake. Hapa shabaha haibadilishwi hata kidogo. Ni dhara lenyewe linalohamishwa, wakati ule ule linapoanguka. Kitabu cha kanuni kimeyaweka mambo hayo mawili katika sura mbalimbali, na kimefanya vyema, maana anayebadilisha shabaha huchagua mara moja kisha amemaliza, lakini aliyemweka mwengine ngao amekwisha kuamua juu ya mapigo yote yajayo, hata asiyoyajua.

Yote haya yangekuwa burudani ya mezani lau historia isingelikuwa na kurasa zake. Tarehe 13 Juni 1944, Wajerumani walianza kuishambulia London kwa mabomu yanayojiendesha yenyewe, V-1. Mengi yaliangukia upande wa kusini, kabla ya kufika katikati ya jiji. Idara ya ujasusi ya Uingereza ilikuwa na majasusi waliodhaniwa na Wajerumani kuwa ni wao, akiwamo Mhispania Juan Pujol. Likazuka pendekezo: majasusi hao wapeleke habari za uongo, ili adui aamini kwamba mabomu yanapita mbali, naye ayafupishe masafa, yazidi kuangukia kusini ambako watu si wengi kama katikati. Hesabu ilikuwa wazi, kwamba watakaokufa wangekuwa wachache zaidi. Herbert Morrison, Waziri wa Mambo ya Ndani, alipinga, akiona kwamba si haki ya serikali kuamua nani afe mahali pa nani. Hata hivyo hila ile haikuachwa. Watu wa kusini ya London hawakuulizwa, na wala isingewezekana kuwauliza.

Bomu lile lilikuwa la nani? Kanuni za karata zingejibu bila ya kusita: la aliyelituma. Na zingekuwa sahihi. Hakuna hila ya London iliyoweza kumpunguzia dhambi aliyelirusha. Lakini hapa ndipo linapojitokeza jambo ambalo watu wengi hulikosea. Hudhani kwamba lawama ni kama mkate: akikatiwa mmoja kipande kikubwa, cha mwengine kimekuwa kidogo. Kwa hiyo mgeuzaji hujituliza kwa kusema, "Si mimi niliyeanza," na mtupaji hujituliza kwa kusema, "Si mimi niliyempeleka kwako." Kanuni za mchezo, bila ya kukusudia kufundisha maadili, zinaonyesha kwamba mambo haya ni mawili na si nusu mbili za jambo moja. Tendo ni la mtupaji, lote. Uchaguzi wa pa kuangukia ni wa mgeuzaji, wote. Mtupaji hakuchagua wa tatu, lakini alikubali kuachia pigo katika dunia yenye watu. Mgeuzaji hakuliumba pigo, lakini alimtazama mtu usoni na kusema, huyu. Kila mmoja analo lake, wala la mwenziwe halimfutii.

Ndipo inapofaa kutofautisha pia kulazimika na kuchagua. Misdirection ikishatimia huamrisha: badilisha. Ikiwa iko shabaha nyengine halali, mgeuzaji hana ruhusa ya kurudi nyuma, hata akiona kwamba aliyebaki ni yule asiyetaka kumdhuru. Na shabaha hiyo huchaguliwa wakati wa kutimia, si wakati wa kutupa. Karata ya Deflecting Swat, ya mwaka 2020, inasema: waweza kuchagua. Mwenye kuitumia aruhusiwa kuiacha shabaha ilipokuwa. Baina ya "badilisha" na "waweza kuchagua" kuna ulimwengu mzima wa maadili. Aliyeshika karata ya kwanza anaweza kudai kwamba kanuni ilimshurutisha, ingawa hakuna aliyemshurutisha kuitoa mkononi. Aliyeshika ya pili hana udhuru wowote. Akimtwisha wa tatu, amependa.

Liko na fundisho katika kanuni iliyofutwa. Mwaka 2007 ziliingia katika mchezo karata za aina mpya, planeswalker, ambazo ni washirika wenye nguvu wanaopigana upande wa mchezaji. Kwa kuwa karata za zamani hazikuandikwa kuwalenga, ilitungwa kanuni ya kugeuza: mtu amtaje mchezaji kuwa shabaha, kisha, pigo linapoanguka, alihamishie kwa mshirika wa mchezaji huyo. Kwa miaka 11 watu walitamka jina moja huku wakikusudia jengine. Wageni wa mchezo walichanganyikiwa, na aliyelengwa alilazimika kujibu kabla ya kujua anayelengwa kwa kweli ni nani. Mwaka 2018 kanuni hiyo iliondolewa, na maneno ya karata yakarekebishwa: anayetaka kumpiga mshirika na amtaje mshirika. Sababu zilizotolewa zilihusu wepesi wa mchezo, lakini faida yake ilikuwa pana zaidi. Anayelengwa ana haki ya kujua kwamba ndiye.

Hatimaye uko ujanja mmoja ambao wachezaji wa zamani huupenda kuliko yote. Mtu ametupa karata yake. Mpinzani akajibu kwa Counterspell, karata ya kubatilisha. Mwenye karata akatoa Misdirection na kuigeuza Counterspell, lakini hakuielekeza kwa karata ya mtu yeyote. Aliielekeza kwa Misdirection yenyewe. Uhalali upo, kwani wakati wa kutimia Misdirection bado iko katika rundo. Dakika hiyo hiyo inamaliza kazi yake na kuondoka. Zamu ya Counterspell inapofika, hukuta shabaha yake haipo, na nguvu zake zote hupotea bure. Karata ya kwanza imeokoka, na hakuna wa tatu aliyeumia. Mgeuzaji ametafuta mahali patupu na kulipeleka pigo huko.

Mahali patupu hapapatikani kila siku. Mwaka 1944 hapakupatikana London, na ndiyo maana ugumu wa uamuzi ule ungalipo. Lakini mara nyingi katika maisha ya kawaida papo, na watu hawapatafuti. Tajiri aliyekemewa na mkubwa wake hurudi na kumkemea karani. Karani humalizia kwa mkewe. Mke kwa mtoto. Mtoto kwa paka. Kila mmoja alikuwa na karata ya kugeuza mkononi, na kila mmoja aliitumia kihalali, kwa maana hakuna sheria iliyomzuia. Angeweza pia kuliacha neno lile lianguke chini na kufia pale. Mkuki ni mtamu kwa nguruwe na mchungu kwa mwanadamu, nao hauonjwi utamu wala uchungu mpaka uwe umefika mahali. Aliyeurusha atajibu kwa kuurusha. Aliyeugeuza ataulizwa neno moja tu, ambalo kwalo hawezi kumsingizia mwengine: palipokuwa na uwanja mtupu, kwa nini ulimwona mtu?